Kocha Aliyekataa Kuomba Radhi

Mimi ni mtu wa Tanga. Baridi niliyokulia nayo ni ile ya asubuhi za mwezi wa saba, inayomfanya mtu ajitande khanga ya pili na kulalamika mpaka saa tatu. Kwa hiyo mwaka 2017 binti yangu aliporudi kutoka shule, hapa Irving, akasema anataka kucheza hoki ya kwenye barafu, nilicheka, nikadhani ni hamu ya siku moja. Baba yake hakucheka. Mume wangu ni mtu wa kusema "mwache ajaribu", na kwa neno hilo tulikuwa tumeshajaribu kinanda, karate, kuogelea na paka.

Jumamosi moja tukaenda. Nje jua la Texas lilikuwa linaunguza mpaka usukani wa gari haushikiki. Ndani ya jengo lile, ambalo kwa nje ungedhani ni ghala la matairi, kulikuwa na uwanja mzima wa barafu, mweupe, unatoa moshi wa baridi. Nilishtuka hasa, wala sikushtushwa na baridi peke yake. Niliona watoto wa miaka minane wamevalishwa kama askari wa kutuliza ghasia, wana magongo mikononi, wanakimbizana juu ya sakafu ambayo mimi mtu mzima nisingeweza hata kusimama juu yake, na mama zao wako pembeni wanakunywa kahawa na kuongea habari za mapazia. Nilimwangalia mume wangu. Akasema, "Mwache ajaribu."

Mwaka ule wa kwanza binti alikuwa anaanguka tu. Anaanguka, anainuka, anatafuta gongo lake, anaanguka tena. Kocha wa wakati huo alikuwa kijana mpiga kelele ambaye mtoto akishamkosea mara moja basi, benchi, mechi nzima. Binti yangu alikalia benchi lile mpaka nikaona kama tunampeleka kulilinda. Akirudi nyumbani anazikunja nguo zake za mchezo mwenyewe bila kuambiwa, maana hazikuwa na jasho la kufua. Nikimwambia tuache, anakataa. Kichwa kigumu amekitoa kwangu, siwezi kumsingizia mtu mwingine.

Kijana yule akaondoka, na mwaka uliofuata wakamleta Mnorwe.

Mwenyekiti wa kamati ya klabu, mzazi mwenzetu mwenye tabasamu la mtu anayeuza nyumba, alitutambulisha kwake kwa mbwembwe. Huyu bwana, alisema, amecheza Ulaya. Ameitwa timu ya taifa ya Norwe. Amesafiri nayo kwenye mashindano makubwa. Wazazi wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mimi nilipiga makofi kwa sababu wenzangu walipiga. Norwe yenyewe nilikuwa siwezi kuionyesha kwenye ramani bila kusaidiwa.

Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana, anatembea kwa kulipumzisha goti moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza chai. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hajamsalimia mwenyekiti, ni kuwapa mkono watoto, mmoja mmoja, na kumuuliza kila mmoja jina. Kisha akatugeukia sisi wazazi akasema maneno machache. Hoki inachezwa kwa zamu, alisema; mtoto anaingia, anakimbia kwa nguvu zake zote muda usiofika dakika, anatoka, wenzake wanaingia. Timu yake itakuwa na makundi, na makundi yatapokezana, kutoka mechi ya kwanza hadi ya mwisho. "Zamu sizibadilishi," alisema. "Kila mtoto anacheza."

Tukaitikia wote. Sasa najua kwamba wazazi wengi pale waliyachukua yale kama maneno ya adabu tu, kama mtu anavyokwambia karibu tule huku sufuria iko tupu. Sisi tuliitikia kwa sababu nyingine. Kwetu mwalimu akisema, umekwisha kumkabidhi mtoto. Huanzi kumpimia maneno.

Na yule bwana alimaanisha. Binti yangu alianza kurudi nyumbani amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni, ananuka kama viatu vya mvua, na mimi nikafurahi kufua. Kocha alimfundisha kwanza kuanguka: jinsi ya kukaza shingo, jinsi ya kuinuka bila kuutafuta ukuta. Alimwita pembeni, akaanguka yeye mwenyewe, mtu mzima na goti lake, pu! kwenye barafu, mbele ya wazazi wote. Nilifumba macho kwa aibu niliyomwonea. Watoto walicheka mpaka wakaanguka nao.

Rafiki yangu mmoja, mama wa Kikenya, nesi anayekaa Cedar Hill, mwanawe ndiye alikuwa mwenye mbio kuliko wote. Tulizoea kukaa pamoja tumejifunika blanketi moja. Siku moja akaniambia, "Huyu kocha ni mtu mzuri sana, mama. Lakini ngoja tu-lose game moja ya maana. Hawa watu watam-finish." Nilimwambia aache kumwombea mtu mabaya. Akasema haombi, anaeleza tu vile kuko.

Mechi yenyewe ya maana ilikuja mwaka 2019, fainali, Houston. Tulilala Pearland, jirani na Houston, kwa mjomba wangu. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yangu, anafanya kazi ya maabara kwenye zile hospitali kubwa za mjini, lakini kazi yake hasa, ukiwauliza Watanzania wa Texas, ni usemaji. Posa ikienda kupelekwa, anaitwa yeye. Ndugu wakigombana juu ya msiba, anaitwa yeye. Akisimama na kukohoa mara moja, ukumbi unanyamaza. Alikuwa hajawahi kuona hoki, akaja kumtazama mjukuu amevaa koti la suti na kofia yake ya darizi, akakaa mstari wa mbele kabisa, na kila watoto walipojibamiza kwenye kioo alisema "Laa haula!" kwa sauti ya msikitini.

Hadi dakika ya mwisho tulikuwa sare. Kundi la mtoto wa rafiki yangu likatoka, wanahema. Zamu ilikuwa ya kundi la binti yangu.

Nyuma yangu mwanamume mmoja akapiga kelele, "Hapana! Asiingie huyo!" Nikageuka nimwone huyo asiyetakiwa ni nani, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni wangu. Kocha hakugeuka. Alifungua kile kimlango cha benchi, na binti yangu akaingia.

Kile kidude cheusi cha mpira wanachokigombea kilimjia miguuni. Aliinua kichwa, akamwona mwenzake upande wa pili, akampigia. Alichelewa kidogo tu. Mtoto wa timu nyingine akapita katikati, akakichukua, akafunga. Kengele ikalia, mechi imekwisha.

Nimeshuhudia mambo katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona watu wazima wakimtazama mtoto wa miaka kumi vile. Mtu mmoja alipiga kioo kwa kiganja mpaka kikatetemeka. Mama mmoja ambaye mwezi uliopita nilimpelekea sambusa alisema, wala hakupunguza sauti, "Nani anamwingiza mtoto kama yule dakika ya mwisho?" Mtoto kama yule! Rafiki yangu wa Cedar Hill alinishika mkono chini ya blanketi.

Sasa sikiliza la ajabu. Kwenye gari, tukirudi Pearland, binti alikuwa na furaha. Alimweleza mjomba kwa mikono na miguu jinsi alivyomwona mwenzake, na jinsi kocha alivyomgonga helmeti akamwambia pasi ile ilikuwa ndiyo pasi sahihi, gongo tu limechelewa, watalifanyia kazi. Alikula wali sahani mbili akalala. Sisi watu wazima ndio tuliobaki sebuleni tukiangaliana.

Wiki haijaisha, kwenye kundi la simu la wazazi kukaanza maneno, kisha tangazo: kamati itakutana na kocha, wazazi wanakaribishwa. Rafiki yangu akanipigia kunifafanulia. Wanataka kumfukuza. Na akifukuzwa kazi, ruhusa yake ya kukaa nchini inakwenda na kazi hiyo. Hapo sikuhitaji ufafanuzi zaidi. Kila mtu ninayemfahamu Irving amewahi kulala na hofu hiyo kifuani.

Nikampigia mjomba. Hakuuliza mara mbili. "Tunakwenda kuomba radhi," akasema.

Ni lazima nieleze hapa, maana bila hili utatuona wajinga. Kwetu mtoto wako akivunja kioo cha jirani, hata kama kioo kilikuwa na ufa tangu enzi, unakwenda. Huendi kukiri kosa, unakwenda kupoza. Unamchukua mtu mzima anayejua kusema, unafunga kitu cha kula, unasema tumekosa, tunaomba mtuwie radhi. Mwenye kioo anasema hakuna kosa, watoto ni wetu sote. Mnakunywa chai. Aliyeomba radhi ameinuka na heshima yake, aliyeombwa hawezi tena kuwa mkali, imekwisha. Nimeona mambo mazito kuliko kioo yakiisha hivyo. Sijawahi kuona likishindikana.

Kwa hiyo Jumapili mchana mjomba aliendesha gari kutoka Pearland, na tukaenda watatu, yeye, mume wangu na mimi na mkate wa kumimina uliofunikwa kitambaa, nyumbani kwa kocha. Hatukupiga simu. Kupiga simu kabla kungekuwa kumtaka ajiandae. Alifungua mlango amevaa soksi, akatutazama, akautazama mkate, akatukaribisha.

Mjomba alikohoa. Alisema kwa Kiingereza chake cha harusini kwamba sisi ni familia ya mtoto aliyepoteza fainali, kwamba mtoto ni wetu na kosa ni letu, kwamba kwa sababu yake mwalimu wake amepata fedheha, na tumekuja kuomba radhi.

Uso wa kocha ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji.

"Amekosea nini?" akauliza.

Mjomba akainamisha kichwa kwa kuridhika. Ndivyo inavyotakiwa, mwenye kuombwa lazima aseme hakuna kosa. Lakini mimi nilikuwa namtazama yule bwana machoni, na niliona kwamba anauliza kweli, anataka jibu.

Kisha akaenda kukata mkate, akaleta kahawa na jibini fulani ya kwao ya rangi ya udongo, ambayo mjomba aliila kwa heshima na kwa shida. Halafu akatuambia habari ambayo mwenyekiti hakutuambia. Yeye alikuwa kipa. Ni kweli aliitwa timu ya taifa, ni kweli alisafiri nayo kwenye mashindano makubwa. Alikuwa kipa wa tatu. Kipa wa tatu anafanya mazoezi na wenzake, anavaa jezi, anakaa. Baba yake, dereva wa basi, alichukua likizo akasafiri kwenda kumtazama, akawa anakaa mstari uleule kila mechi na bendera mkononi. Mechi ya mwisho walikuwa wameshafungwa vibaya, hakukuwa tena na cha kupoteza. Alimwona baba yake amesimama kule juu, akidhani sasa mwanawe ataingia. Kocha wa wakati ule hakugeuza hata shingo. Mashindano yakaisha hajakanyaga barafu.

"Baba yangu alinisubiri nje," akasema. "Akaniambia, umekaa vizuri."

Nilikiweka kikombe chini. Mume wangu, mtu asiyelia, alikuwa anaangalia dirisha. Baada ya hapo, alisema kocha, alichezea timu za miji midogo kwao na nchi jirani mpaka goti likakataa, akaanza kufundisha watoto. Kazi nyingine ya namna hii, kwenye jimbo moja la kaskazini hapa Marekani, alifukuzwa kwa mambo hayahaya ya zamu. Alilisema bila uchungu. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka fainali, maana kumbe alipofungua kile kimlango alikuwa anajua bei yake.

Tukatoka pale mjomba anachangamka. "Umeona? Amesema hakuna kosa. Sasa tukawapoze hao wengine."

Mkutano ulifanyika jioni hiyohiyo kwenye chumba cha ghorofani ambacho kina dirisha kubwa la kutazama uwanja. Chini watoto wa timu nyingine walikuwa wanafanya mazoezi, tunasikia magongo. Mwenyekiti alikuwa mpole sana, na upole wake ulinitisha. Alisema hakuna anayetaka kumpoteza kocha. Alisema jambo lenyewe ni dogo: kocha akubali tu kwamba uamuzi wa dakika ya mwisho ulikuwa wa makosa, awaombe radhi wazazi, tusonge mbele.

Macho yote yakamgeukia. Mimi moyoni nilikuwa namwambia, sema tu, baba, sema hata uongo, maneno mawili na kazi yako unayo.

"Siwezi kuomba radhi kwa sababu mtoto alicheza," akasema.

Hapo nikasikia kikohozi. Mjomba alikuwa amesimama, kofia yake imenyooka, viganja amevikutanisha tumboni. Hakuna aliyekuwa amempa nafasi, lakini hata Wamarekani humnyamazia. Akasema yeye ni babu wa yule mtoto. Akasema familia inakiri kwamba mtoto wao ndiye aliyewanyima kikombe. Akasema, kwa niaba ya mtoto, kwa niaba ya wazazi wake, tunaomba radhi kwa kila aliye humu ndani, na tunaomba hasira zishuke, na mwalimu asamehewe. Alisema vizuri, haki ya Mungu. Tanga nzima ingelia. Akakaa, akasubiri mtu aseme hakuna kosa, watoto ni wetu sote.

Hakuna aliyesema. Niliwaona wanaangaliana. Rafiki yangu wa Kikenya alifunika uso kwa kiganja, akaninong'oneza, "Wueh. Mama, kwa nini mli-apologise? Hapa uki-say sorry umesema ni wewe."

Mwenyekiti alimshukuru mjomba kwa moyo mkunjufu. Alisema inahitaji ujasiri mkubwa. Kisha akamgeukia kocha. "Unaona," akasema. "Hata familia yake inakubali kwamba hakustahili kuwa uwanjani. Umebaki wewe tu."

Nilitaka kusimama niseme hapana, hatukusema hivyo, nyinyi hamkusikia. Lakini walikuwa wamesikia. Kila neno lilikuwa limesemwa, kwa sauti nzuri, kwa Kiingereza sanifu. Mikono ikanyanyuliwa, na kocha akawa hana kazi. Mjomba wangu, aliyesimamia posa za nusu ya watu ninaowajua, alikuwa ananiuliza kwa macho kumetokea nini.

Nje, kwenye magari, kocha alitufuata. Mjomba alijaribu kusema, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona amekosa maneno. Kocha alimpa mkono kwa mikono miwili, kama tunavyofanya sisi; sijui alijifunza wapi. Hakuwa na hasira, na mimi ningeipokea hasira kwa urahisi zaidi.

"Mwambieni hakukosea," akasema. "Mimi nimeshamwambia. Sasa mwambieni nyinyi."

Alipata kazi Houston kabla ruhusa haijakwisha, akafundisha wanaoanza, wakubwa kwa wadogo, na mwanzoni mwa 2020, kabla dunia haijafungwa, nikasikia amerudi kwao. Mjomba hadi leo akiitwa kusema mahali huuliza kwanza, "Ni watu wa wapi?" Tunacheka, lakini yeye hatanii.

Ila ninachotaka kusema kilitokea siku iliyofuata mkutano. Sikuwa nimemwambia binti chochote. Nilikuwa natafuta maneno. Shuleni watoto wenzake wakaniwahi. Alirudi, akaweka begi, akaja jikoni nilikokuwa nakata vitunguu. Nami humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo.

"Mama, ni kweli mliwaomba watu radhi kwa ajili yangu?"

Nikamweleza. Nilimweleza kioo cha jirani, chai, adabu, kwamba kwetu radhi si kukiri, kwamba tulikuwa tunamwokoa kocha wake. Nilieleza vizuri, pengine kuliko mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Na babu aliomba?"

"Aliomba."

"Na baba?"

"Sote, mwanangu. Tulikwenda sote."

"Na kocha?"

Nikamwambia walimtaka aombe, akakataa, ndiyo maana wamemfukuza.

Alifikiri kidogo. Hakulia. Ningemshukuru Mungu kama angelia.

"Kwa hiyo yeye tu," akasema, na akachukua begi lake akaenda chumbani.